Minyoo wa mbolea wakikataa kukaa: dalili, vyanzo na tiba, kuanzia ndoo ya roshani hadi shambani

Mtu anayefuga minyoo ndoani ili wageuze mabaki ya jikoni kuwa mbolea, akiona wanakufa, mkono humtangulia jicho. Anaongeza maji, anaongeza maganda, ananyunyiza majivu kwa sababu jirani alisema, na kesho yake hali imezidi kuharibika. Ombi langu la kwanza ni kwamba usiongeze chochote bado. Funua ndoo, chukua mnyoo mmoja, mweke kiganjani penye kivuli umtazame.

Wengi wetu hapa Nairobi tunafuga yule mwekundu mwembamba, Eisenia fetida, pamoja na ndugu yake Eisenia andrei ambaye si rahisi kumtofautisha kwa macho. Akiwa mzima, ngozi yake inang'aa kwa ute, na ukimgusa anajikunja na kujinyoosha kwa nguvu. Mwili wote ni pingili zilizofuatana kutoka kichwani hadi mkiani. Pingili hizo zina vinywele vigumu vifupi mno. Mweke juu ya karatasi nyumba ikiwa kimya, tega sikio, utasikia vikikwaruza anapotambaa. Aliyekomaa ana mkanda mnene upande wa mbele wa mwili, na mkanda huo ndio unaotengeneza vifuko vya mayai.

Hana mapafu wala matamvua. Oksijeni humwingia kupitia ngozi, tena ngozi iwe imelowa. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Meno hana, anameza chakula ambacho bakteria na kuvu wamekwisha kukilainisha, kisha anakisaga kwenye firigisi kwa msaada wa punje za mchanga. Karibu kila tatizo la ndoo linarudi kwenye mambo haya mawili: ngozi inayopumua, na tumbo linalosubiri vijidudu watangulie kufanya kazi.

Wanapanda kuta za ndoo na kutoroka

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi, hasa wa ghorofani, kwa sababu minyoo wakifika kwenye korido ni kesi na mwenye ploti.

Kama umewaleta jana au juzi, tulia. Wamefungwa mfukoni, wametikiswa barabarani, wamemwagwa kwenye matandiko mageni, yaani katoni na mabaki wanamoishi. Kwa siku chache za mwanzo acha taa ikiwaka juu ya ndoo usiku. Macho hawana, lakini ngozi yao inahisi mwanga na huwasukuma kuzama chini. Ukipata konzi mbili za mbolea kutoka kule walikotoka, changanya na matandiko yako. Watatulia upesi zaidi.

Kama wamekaa miezi kadhaa na ghafla wakaanza kupanda, chimba mpaka chini kabisa. Mara nyingi utakuta juu ni pazuri na chini ni tope. Ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo ndiyo wengi huanza nayo, ni ndefu na ina mdomo mdogo. Maganda ya ndizi, tikiti na mabua ya sukuma wiki yana maji mengi, na maji hayo yote hushuka. Kule chini yamejaza nafasi za hewa, oksijeni imekwisha, na mnyoo anayepanda anatafuta pumzi. Toboa matundu zaidi kwenye kitako, iinue ndoo juu ya matofali mawili, geuza tope lile kwa mkono na uchanganye katoni kavu iliyochanwa vipande vidogo. Halafu pima. Chukua konzi ya matandiko ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakitiririka, katoni zaidi. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza maji kidogo kidogo, usimwage.

Chini kukiwa kuzuri, inusa. Ukifunua na pua ikawasha, hiyo ni amonia, na mara nyingi imetokana na kinyesi kibichi cha kuku au matandiko yaliyolowa mkojo wa mifugo. Amonia inachoma ngozi ile ile wanayopumulia. Toa kinyesi chote unachoweza kukiona, weka matandiko mapya upande mmoja wa chombo, na uwaache wahamie wenyewe.

Halafu kuna mtetemo. Watu huniuliza kama honi za matatu au spika za jirani ndizo zinazowafukuza. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyewachunguza nyungunyungu kwa miaka mingi na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1881, aliwapulizia filimbi na kuwapigia piano, wasijali kabisa. Alipoweka vyungu vyao juu ya piano yenyewe na kubonyeza noti moja, wakazama mashimoni papo hapo. Kwa hiyo sauti ya hewani si shida. Ndoo iliyokaa juu ya mashine ya kufulia, au ubavuni mwa pampu inayopandisha maji kwenye tangi la jengo, hiyo ni shida. Ihamishe.

Na ukiwaona wamepanda usiku wa mvua kubwa ya Aprili pekee, asubuhi wakawa wamerudi chini, hapo hakuna ugonjwa. Funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, basi.

Ndoo inanuka

Ndoo yenye afya ina harufu ya udongo uliolowa. Harufu ya yai viza ina maana moja tu, hewa haifiki, na tiba yake umeshaisoma hapo juu. Harufu ya nyama iliyooza maana yake kuna mtu ametupa vichwa vya omena au mifupa humo. Itoe na uzungumze na watu wa nyumbani.

Harufu ya uchachu ndiyo ya kukaa nayo kidogo, kwa sababu chanzo chake ni chakula chetu cha kila siku. Ugali uliolala, wali, mkate na chapati huchacha haraka, hutoa asidi, na vikifungwa pamoja kwa wingi hupata joto. Mtu anaona ni vyakula laini, anadhani minyoo watafurahi. Ukweli ni kwamba sufuria moja ya ugali inaweza kuharibu ndoo nzima. Kipande kidogo kilichosambazwa hakina neno, bonge zima hapana. Maganda ya nanasi na machungwa nayo yapunguze. Majani ya chai ni mazuri sana, lakini kwa kuwa chai yetu huchemshwa na maziwa na sukari, yasuuze kwanza. Ndoo ikishachacha, toa mabaki, acha kulisha kwa wiki moja au zaidi, na nyunyiza maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yawe unga. Unga huo unapunguza asidi polepole na pia ni mchanga wa firigisi. Majivu ya jikoni ni makali, huweza kuirusha ndoo kutoka kwenye asidi hadi upande wa pili kwa siku moja, kwa hiyo mimi siyatumii ndoani.

Kuhusu maji meusi yanayodondoka chini ya ndoo: wengi huyaita chai ya minyoo na kuyamwagia mboga. Yakiwa na harufu mbaya, hayo ni maji ya uozo, na yanaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Usiyatie kwenye dhania wala sukuma ya kula. Mwagia maua, tena kwa kuyazimua sehemu moja kwa kumi ya maji safi. Ukitaka maji ya kurutubishia mboga, loweka mbolea iliyoiva kwenye maji safi na uyamwage udongoni siku hiyo hiyo.

Ndoo ni ya moto

Ingiza mkono mpaka katikati. Minyoo hawa wanapenda nyuzijoto 15 hadi 25 hivi, ikipita 30 wanahangaika, na kwenye 35 wanakufa. Hali ya hewa ya Nairobi inawafaa mno. Hata baridi ya Julai inawapunguzia kasi tu ya kula na kuzaa. Joto linaloua huku kwetu hutoka sehemu mbili. Moja ni mahali: roshani inayopigwa na jua la alasiri Januari na Februari, au pembe iliyo chini kidogo ya mabati. Nyingine ni samadi mbichi, inayojichemsha yenyewe inapooza. Samadi ya ng'ombe irundike nje kwa wiki mbili au zaidi hadi ipoe ndipo uingize. Ya sungura ina upole zaidi, mradi utandaze kidogo.

Aliyeuziwa mnyoo mkubwa wa kijivujivu chenye mng'ao wa zambarau huenda ana Eudrilus eugeniae, mwenyeji wa Afrika Magharibi anayependa joto. Huyo baridi ya Juni hadi Agosti inamwumiza kweli. Mweke ndani ya nyumba miezi hiyo.

Wamevimba sehemu, wengine wamekatika

Hapa unahitaji kutazama kwa karibu. Mnyoo amevimba sehemu moja, akabanwa sehemu inayofuata, kisha amevimba tena, mwili mzima umekosa ulaini wake. Wengine wamepasuka katikati, wanagaagaa juu ya matandiko bila kujaribu kuzama. Unga wa mahindi, chakula cha kuku, maharagwe yaliyopikwa, mabaki ya maziwa: vyote hivyo vikizidi, protini huchacha hata ndani ya tumbo la mnyoo, na gesi na asidi humharibu kutoka ndani. Waliofika hapo wengi hawaponi. Okoa waliobaki: wahamishie wazima kwenye katoni mpya yenye unyevu isiyo na chakula chochote, uwaache hivyo siku kadhaa. Ule mchanganyiko wa zamani usiutupe, utandaze nje upate hewa, utafaa baadaye.

Wanapungua, lakini maiti hazionekani

Mnyoo aliyekufa huyeyuka ndani ya matandiko kwa siku moja au mbili tu. Kutokuona maiti hakumaanishi wamehama. Jiulize maswali matatu.

Je, chumvi? Mabaki ya githeri yaliyoungwa, chipsi, mchuzi wa nyama, vyote vina chumvi inayovuta maji kutoka kwenye ngozi. Na kuna chumvi ambayo watu huisahau, ya maji. Mitaa mingi ya Nairobi inategemea visima, na maji ya baadhi ya visima yana chumvichumvi ya kutosha kuacha ukoko mweupe kwenye birika. Tumia maji ya mvua, au yale uliyooshea mchele na mboga.

Je, dawa? Samadi ya mbuzi au ng'ombe aliyenyweshwa dawa ya minyoo juzi ina mabaki ya dawa hiyo, na baadhi yake, kama zile za jamii ya albendazoli, huwadhuru nyungunyungu pia. Iache rundoni kwa wiki kadhaa. Maranda nayo yana hatari yake. Ukienda kuyachukua kwa maseremala, uliza kwa heshima: "Fundi, mbao hizi zilitiwa dawa?" Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki hazifai ndoani wala bustanini.

Je, kizazi kinaendelea? Tandaza konzi moja ya mbolea kwenye sahani nyeupe. Tafuta vifuko vya mayai: kimoja kina umbo la limau dogo lenye ncha mbili, urefu wa milimita tatu au nne, rangi ya manjano kikiwa kipya na hudhurungi nyekundu kinapokaribia kuanguliwa. Ukiviona kwa wingi huku wakubwa ni wachache, kulitokea janga ambalo limepita na watoto wanakuja. Kwa joto zuri kifuko huanguliwa kwa wiki tatu au nne, mara nyingi watoto wawili hadi wanne, nao hukomaa kwa mwezi mmoja na nusu au miwili. Subira hapo ndiyo tiba. Usipoona vifuko wala watoto, kasoro bado ipo. Rudia unyevu, joto na chumvi.

Wageni ndani ya ndoo

Siafu hawapewi nafasi. Wakiingia usiku mmoja wanamaliza kila kitu. Miguu ya meza ya ndoo iweke ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, na hakikisha hakuna tawi wala kamba inayogusa ndoo. Sisimizi wadogo wa kawaida ni ishara ya ukavu, lowesha na watahama.

Minyoo weupe wadogo wanaojaa juu ya chakula huwachanganya watu, maana wanadhani ndio watoto. Mtazame mmoja kwenye mwanga. Mtoto wa mnyoo mwekundu, hata akiwa mwembamba kama uzi, ana mstari wa damu unaoonekana kupitia ngozi. Hawa wengine ni weupe pe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nao ni minyoo wa pingili, wa ukoo wa enkitreidi, hawamdhuru yeyote. Ila wingi wao unakwambia ndoo imelowa na ina asidi.

Buu wakubwa wa rangi ya udongo wenye ngozi ngumu ni wa nzi askari mweusi, wale wale ambao wafugaji wa kuku wanawalea makusudi kwa ajili ya chakula, na ambao kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani kimewafanyia utafiti mwingi. Wanakula haraka kuliko minyoo na kuongeza joto. Wape kuku, na ufukie chakula chini ya matandiko ili nzi asipate pa kutagia. Kufukia huko kunamaliza pia vinzi vya matunda. Panya: wavu wa chuma, basi.

Shambani hakuna mnyoo hata mmoja

Ndoo ni shule ndogo. Kazi kubwa ya nyungunyungu iko ardhini, na ndiyo inayonifanya niandike haya. Anapochimba, anaacha njia ambazo maji ya mvua hupitia badala ya kutiririka na udongo wetu hadi mtoni. Anavuta majani makavu chini, anayachanganya na udongo, na kinachotoka nyuma yake kina rutuba ambayo mizizi inaipata kwa urahisi. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya matokeo ya majaribio mengi walikuta kwamba mahali penye nyungunyungu mavuno yalizidi kwa wastani wa 25%. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalisema wanachangia takriban 6.5% ya nafaka ya dunia, na kwa Afrika kusini mwa Sahara mchango huo unafikia 10%. Mkulima asiye na pesa za mbolea ya dukani ndiye anayewahitaji zaidi.

Kabla ya kusema hawapo, hakikisha umetafuta wakati wake. Udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Kitengela ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyungunyungu hushuka mbali, hujikunja kwenye chumba kidogo cha ute na kulala mpaka mvua irudi. Kuwatafuta Februari ni kujionea huruma bure. Ngoja masika yashike, Aprili au Mei, au vuli ya Novemba. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na 30 kwenda chini, mwaga udongo juu ya gunia, vunja mabonge kwa vidole, hesabu. Rudia sehemu tatu nne za shamba. Shimo likikupa kumi au zaidi, uko vizuri. Ukipata mmoja au wawili, kuna kinachowazuia.

Cha kwanza ni njaa. Shamba linalofagiliwa majani yote na kuchomwa halina cha kumlisha mnyoo. Nimeona viwanja viwili vilivyopakana Kabete, udongo mwekundu ule ule, kimoja kimefunikwa nyasi na mabua ya mahindi, kingine kimeachwa uchi. Ukichimba tofauti unaiona kabla hujamaliza kuhesabu. Funika udongo. Nyasi zilizofyekwa, mabua, majani ya migomba, chochote kisicho na mbegu za magugu.

Cha pili ni asidi. Mbolea ya dukani ya DAP ikitumiwa msimu baada ya msimu bila chokaa huufanya udongo uchachuke, na pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 4.5 nyungunyungu wengi hawakai. Pima udongo kabla ya kununua chokaa. Maabara za KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete hupima, na utapewa kiasi kinachofaa shamba lako badala ya kukisia.

Cha tatu ni dawa. Dawa za wadudu za jamii ya kabameti zinaua nyungunyungu wazi wazi. Dawa za ukungu zenye shaba, ambazo wakulima wa nyanya na kahawa wamezipulizia miaka mingi, haziozi. Shaba inabaki udongoni na kujikusanya. Hapa hakuna dawa ya haraka. Punguza upuliziaji, ongeza mboji, na upe miaka.

Cha nne ni jembe. Kulima kila msimu kunabomoa njia zao na kuwaanika kwa ndege. Palilia juu juu ukiweza.

Usinunue minyoo wekundu wa ndoo ukawamwage shambani ukitumaini watajaza pengo. Hao ni wakaaji wa samadi na mabaki yanayooza. Kwenye udongo mtupu watakufa au kuondoka. Weka chakula na kifuniko, na wenyeji wa udongo huo watarudi kutoka kwenye mipaka na vichakani. Mbolea ya minyoo yenyewe ndiyo ya kupeleka shambani, au kwenye magunia ya sukuma kwa wasio na shamba. Sehemu moja ya mbolea kwa nne hadi tisa za udongo inatosha.

"Minyoo wanakula mizizi yangu"

Nyungunyungu anasingiziwa sana. Mche uliokatwa usawa wa ardhi usiku ni kazi ya kiwavi mnene anayejikunja ukimgusa, mtoto wa nondo. Fukua sentimita mbili tatu kando ya shina utamkuta. Nyanya iliyodumaa, ukiing'oa mizizi ina vinundu, imeshikwa na minyoo fundo. Hao ni wadogo mno kuonekana kwa macho, hawana pingili, na si wa ukoo wa nyungunyungu. Badilisha zao, panda vitunguu au mahindi msimu ujao, na usiuue udongo mzima kwa dawa kali kwa ajili ya kosa la mwingine.

Kwenye chungu cha maua, nyungunyungu wachache hawana neno. Wakizidi, ujue chungu hakipitishi maji.

Hofu ya tumbo la mtoto

"Mama, mtoto amecheza na minyoo ya mbolea, nimpe dawa?" Mnyoo wa mbolea haingii tumboni mwa mtu akaishi humo. Mchango ni wa ukoo mwingine, mviringo na laini bila pingili. Tegu naye ana vipande vinavyofanana na pingili lakini ni bapa, na ni wa ukoo wa tatu. Hatari iliyopo ni udongo uliochanganyika na kinyesi cha binadamu, ambao unaweza kuwa na mayai ya mchango. Mtoto anawe mikono kwa sabuni, hiyo tu. Na ukimkuta amemkata mnyoo vipande viwili akitarajia kupata wawili, mweleze kwa upole kwamba haiwi hivyo: upande wa kichwa huenda ukapona na kuota mkia, wa nyuma utakufa.

Vitu vyekundu vinacheza kwenye tangi la maji

Vikijipinda umbo la namba nane na kuogelea, vikiwa na kichwa kidogo kigumu, ni watoto wa usubi wa majini, yaani wadudu. Wekundu wao ni himoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Mwaga maji, sugua kuta za tangi, ziba kila upenyo kwa wavu ili mama yao asitage.

Minyoo wa pingili halisi wa majini, tubifeksi, hukaa wamejichimbia kichwa kwenye tope na kupunga mkia juu. Wanastahimili uchafu unaoua viumbe wengine, kwa hiyo kijito ambacho tope lake lina hao tu na karibu hakuna kingine kimebeba maji taka. Usimwagilie mboga za majani kwa maji hayo.

Ruba mguuni

Ruba naye ni mnyoo wa pingili, ndugu wa nyungunyungu, na utamkuta kwenye madimbwi na vijito vya polepole. Usimchome kwa kiberiti wala kumwagia chumvi. Akishtuka anaweza kutapika alichonacho ndani ya jeraha. Tafuta ncha nyembamba, ndiko kuliko mdomo, pitisha ukucha ubavuni mwake ukikwangua ngozi mpaka aachie, kisha fanya hivyo upande wa pili. Damu itaendelea kutoka kwa muda hata jeraha likiwa dogo, kwa sababu mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda. Ni kwa uwezo huo madaktari wa upasuaji wanaounganisha vidole vilivyokatika humtumia ruba kuondoa damu iliyotuama, na Marekani ilimwidhinisha rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2004. Osha kwa sabuni, bana kwa kitambaa safi. Akiwa ameingia puani au kooni, au anayetoka damu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda kituo cha afya mara moja.